Siku Ile Hakukuwa na Uji Jikoni

Jumanne, saa kumi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ukichungulia dirishani huoni ziwa, unaona weupe mtupu. Wodi ya watoto inanuka nguo mbichi na maziwa yaliyochacha. Kabula wangu amelala. Nimekaa miguuni pake na daftari mapajani.

Daftari lenyewe si langu. Nesi alinipa Ijumaa tulipolazwa, akasema niandike kila anachomeza Kabula: ni nini, kiasi gani, kimepita au kimerudi, kimechukua muda gani. Nimemaliza la saba, kuandika si shida. Kurasa za mbele ni vijiko vya mtoto. Huku nyuma naandika ya kwangu, maana nisipoyatoa leo nitapasuka.

Leo nimesema ukweli.

Nimechelewa wiki saba.

Wiki saba hizo mwanangu amepungua mpaka shanga za kiunoni nimezifunga upya mara mbili. Ana miaka mitatu, lakini ukimbeba ni kama umebeba kanga iliyokunjwa. Na mimi mama yake, niliyempakata na kumlilia mbele za watu, ndiye niliyejua kilichomkuta. Watu wote walikuwa wanahangaika kutafuta, mimi nimekaa na jibu mdomoni.

Nianze na jana, ndipo nieleweke.

Jana alikuja daktari wa koo, kijana wa Bukoba, mrefu. Alikaa kwenye kile kigoda cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Alisema nimkalishe Kabula mapajani wima, nisimlaze. Akaweka vidole viwili kooni pa mtoto, taratibu, akaniambia nimpe maji kijiko kimoja. Hakuwa anaangalia mdomo. Alikuwa anasubiri koo lipande na kushuka chini ya vidole vyake. Kisha akachukua kile chombo cha kusikilizia moyo, akakiweka shingoni badala ya kifuani, akasema nimpe tena.

Mimi sikujua kama kumeza ni kazi. Nilidhani mtu anameza kama anavyopumua.

Tukaenda hivyo: maji, uji mwepesi, uji mzito, mwisho ndizi iliyopondwa. Maji yalipita, ila polepole, unayasubiri. Uji mwepesi ulipita nusu. Uji mzito Kabula aliumeza, akatulia kidogo, akaniangalia, halafu ukarudi wote kwenye kanga yangu. Daktari akainama akaunusa.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama pembeni na beseni. Yeye alivuka na kivuko kutoka Sengerema wiki iliyopita aje anisaidie, na mdomo wake haujui hospitali wala kanisa. Akasema, "Jamani Wahaya! Wamesoma mpaka wananusa matapishi."

Daktari akacheka. "Tumesoma sana, bibi. Hata wewe nikikunusa nitajua jana umekula dagaa."

"Basi utakuwa hujasoma. Nimekula furu."

Wodi nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka. Sasa nikikumbuka kile kicheko changu nasikia vibaya.

Daktari akaeleza kwamba uji ule haukuwa na uchachu, maana yake haukufika tumboni. Umeishia njiani. Akaniuliza Kabula alianza kushindwa nini kwanza, maji au ugali. Nikasema ugali. Baada ya ugali? Wali. Halafu uji mzito. Sasa tunaishi kwa maji na maziwa.

"Akinywa maji anakohoa? Yanatokea puani?"

"Hapana."

"Sikiliza, mama. Mgonjwa anayeanza kushindwa maji, hapo nafikiria mishipa ya fahamu, misuli imekosa nguvu. Anayeanza kushindwa ugali, akaja wali, akaja uji, huyo njia yenyewe inazidi kufunga. Sasa imefungwa na nini? Kwenye karatasi hapa wameandika aliungua na uji wa moto. Uji unaunguza mdomo. Uji hauzibi njia namna hii."

Akanitazama. Si kwa ukali. Afadhali angenitazama kwa ukali.

"Fikiria vizuri. Hakuna kitu kingine alichomeza? Mbegu, betri ya saa, dawa ya panya, mafuta ya taa?"

"Hapana, daktari."

Nilijibu haraka, kama mtu anayeitika shikamoo.

Basi akasema pengine ni mbegu ya tunda imenasa, mbegu hazionekani kwenye picha. Kesho asubuhi, yaani leo, watampa dawa ya usingizi wampitishie bomba la chuma kooni waangalie na kuitoa. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikubali wampitishie mwanangu chuma kutafuta mbegu ambayo nilijua haipo.

Sasa niandike na ile siku.

Baba Kabula alipunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba mwaka juzi, yeye na wenzake wengi. Watu wanasema siku hizi ni ruksa, kila mtu afanye biashara yake. Yeye akaanza kufuata mchele Magu, mimi nikajifunza sabuni ya mche kwa jirani yetu hapa Igogo. Sabuni inatengenezwa kwa mafuta na kostiki, ile dawa kali inayokuja kama chumvi, unaiyeyusha kwenye maji. Ikiyeyuka inakuwa nyeupe kama maji ya kunywa. Huwezi kuitofautisha kwa macho.

Baba Kabula aliniambia, na sikuambiwa mara moja: "Hiyo kitu usiiweke kwenye chombo cha kulia." Nikamwitikia.

Siku ile ilibaki kidogo. Kumwaga niliona hasara. Nikaimimina kwenye chupa ya soda, nikafunga na gunzi la mhindi, nikaiweka chini ya meza. Jumapili iliyotangulia tulikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, na Kabula kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipewa soda nzima peke yake. Aliikumbatia ile chupa kama mdoli. Mimi nilikuwepo, nilimwona, nilifurahi. Siku sita baadaye nikaweka kostiki kwenye chupa ya namna ileile, urefu wa mkono wake.

Nilikuwa nje naanua nguo. Nilisikia ukelele ambao sijawahi kusikia kwa mtoto wangu. Nilipoingia, gunzi lilikuwa sakafuni.

Nilimbeba mbio mpaka zahanati. Midomo imeshaanza kuvimba, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Yule mhudumu akauliza, "Amefanya nini huyu?" Ulimi wangu wenyewe ukasema, "Ameungua na uji wa moto."

Sikupanga. Naapa sikupanga. Lakini likishatoka neno, ukilirudisha inabidi useme kwa nini lilitoka. Wakampaka dawa ya zambarau mdomoni, tukarudi. Nilipofika nyumbani nikabandika uji. Hakukuwa na uji jikoni siku ile, nikaupika ili uwepo. Nikaumwaga sakafuni ili baba yake akirudi aone.

Na Jumatatu iliyofuata nilipika sabuni tena. Kwa kostiki ileile iliyobaki. Hili nalo niliandike.

Midomo ilipona. Kwa wiki mbili alikula vizuri nikamshukuru Mungu, nikasema Mungu kanifichia. Ndipo akaanza kukataa ugali. Mama mkwe alipokuja alimwasamisha mdomo akamulika na tochi, akasema ni kimeo, kimerefuka, ndicho kinachomrudishia chakula. Akaenda mwenyewe kumtafuta mzee anayekata vimeo, wakapatana iwe Jumamosi. Nilijua si kimeo. Nilinyamaza. Kilichomwokoa mtoto na kile kiwembe si mimi. Ni kwamba Ijumaa alitapika mpaka akalegea, tukamkimbiza huku.

Sasa leo.

Asubuhi mvua inapiga bati, nesi akaja kumvua Kabula nguo na kumvika shuka. Hakuwa amekula wala kunywa kitu tangu jana. Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu. Kabula alifurahia magurudumu, akauliza kama tunakwenda kwa baba. Mama mkwe anatembea upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilikuwa nahesabu milango. Nilijiambia, mlango ule wa kwanza nitasema. Tukaupita. Mlango wa pili nitasema. Tukaupita. Daktari alikuwa amesimama mwishoni na kofia ya kitambaa kichwani, akasema, "Mama, wewe unaishia hapa."

Nikashika chuma cha kitanda. Mkono uligoma kuachia.

"Alikunywa kostiki," nikasema. "Ya kutengenezea sabuni. Haikuwa uji."

Nesi akasema, "Mungu wangu."

Daktari alivua ile kofia. Akauliza ni lini, kiasi gani, kama ilikuwa maji au ya unga. Nikamjibu yote, palepale kwenye korido, watu wanapita na vyombo vya chai. Alipomaliza kuuliza aligeukia ukutani kidogo, akarudi. "Ungeninyamazia nusu saa nyingine, mama, ningeitoboa hiyo njia kwa mkono wangu mwenyewe. Pale palipoungua ngozi inakuwa laini kama karatasi iliyolowa. Mimi ningekuwa natafuta mbegu."

Halafu akamwambia nesi, "Hakuna bomba leo. Tumpeleke kwenye picha."

Sikuweza kumtazama mama mkwe. Nilisikia tu ameweka beseni chini. Nilisubiri anipige. Ningefurahi angenipiga.

Mwisho akasema, "Kumbe. Na mimi nilitaka kumkata mtoto wa watu kimeo."

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mimi. Mimi nilikuwa na kiwembe tayari." Akajifunga kanga upya. "Lakini kwa mwanangu sifungui mdomo, Mama Kabula. Sitamwambia. Mdomo uliosema uji ndio utakaosema kostiki."

Kwenye picha walimnywesha Kabula dawa nyeupe kama chokaa, kidogokidogo, nimemshika mimi mwenyewe. Daktari alituonyesha baadaye, ameinua ile picha dirishani. Juu njia ni pana, imejaa ile chokaa. Katikati inakuwa uzi. Uzi mwembamba kabisa, halafu inapanuka kidogo, halafu uzi tena. Mama mkwe akauliza, "Huo uzi ndio chakula kinapopita?" Daktari akasema ndiyo, bibi, hapohapo.

Alhamisi watamfungulia tundu dogo tumboni, awe analishwa hapo kwa mpira apate nguvu. Baadaye ndipo waanze kuitanua njia kidogokidogo, kwa mipira, mwembamba kwanza, halafu mnene zaidi, mara nyingi. Nikauliza mara ngapi. Akasema miezi, pengine miaka. Nikauliza kama atakula ugali. Akasema, "Siwezi kukuahidi. Ila sasa najua ninachotibu."

Tumboni. Watamtoboa mwanangu tumbo. Nimekuwa nalirudia hilo neno mchana kutwa, halizoeleki.

Siwezi kuomba kama zamani. Nikianza tu Baba Yetu naishia kwenye mkate wa kila siku.

Baba Kabula anarudi kesho na gari la mchele. Atakuja moja kwa moja hapa, na vumbi lake, na pengine amemletea mtoto kitu cha kutafuna, maana alipoondoka mtoto alikuwa bado anatafuna wali kidogo. Nitamwambia kabla hajakaa. Nikimwacha akae, nitamletea maji, nikishamletea maji nitauliza habari za Magu, na nikishauliza habari za Magu sitasema tena. Najijua. Akinifukuza nitakuwa nalala hapa chini ya kitanda hiki, wodini hawafukuzi mama mwenye mtoto. Na ile kostiki iliyobaki mama mkwe amekwenda kuitoa nyumbani mwenyewe. Hakuniuliza ninaiweka wapi. Amesema ataiona.

Kabula ameamka nikiwa naandika mstari huo wa juu. Nimempa maziwa kama nilivyofundishwa: wima, nusu kijiko, nisubiri koo lipande na kushuka ndipo niongeze, nisimharakishe yasije yakaingia mapafuni. Imechukua muda mrefu, mpaka chai ya wodi imepita. Vijiko kumi na moja vimepita, vitatu vimerudi. Nimeviandika kule mbele.

Kila nikisogeza mkono alikuwa anafungua mdomo. Hakuangalia hata mara moja kijikoni kuna nini.