Ufunguo wa Kuzungusha

4 Machi

Binti yangu Gia,

Pokea salamu za mama yako, nimezishindilia mpaka bahasha imevimba. Mimi sijambo, ni hili goti tu linalojifanya mzee kuliko mwenyewe. Baba yako anakula, analala. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha? Huko kwenye vyumba vya baridi mnakotunzia dawa, bado unavaa sweta ndani ya koti jeupe? Vaa mbili. Usione haya, msimamizi ni wewe, nani atakucheka?

Kitabu cha picha za gari kimefika. We mtoto! Nimekisoma chote, hata ule ukurasa wa mwisho wenye herufi kama sisimizi. Fundi cherehani wa jirani, yule aliyesema nakusomesha bure, alikuja kibarazani akataka kukishika. Nikamwambia, nenda kanawe kwanza. Akanawa! Mbele ya watu! Nikamfungulia mwenyewe, nikawaeleza wote: kuna pakeji tatu, ya Kawaida, ya Starehe na ya Spoti. Wakauliza, binti yako anachukua ipi? Nikawajibu, nyinyi mnamwonaje?

Basi usiniangushe. Chukua Spoti. Rangi iwe nyekundu, paa jeusi, zile rimu kubwa, na viti vyenye uzi mwekundu. Na muhimu kuliko vyote, ile ya kuwasha kwa kitufe: ufunguo unakaa kwenye mkoba, mlango unakutambua, unabonyeza tu, linanguruma. Hiyo nimeshawaambia, wakabaki midomo wazi.

Na usinipigie simu kwa habari hizi. Simu ukishaikata imekwisha. Barua naishika, naisoma kibarazani, na mtu akichelewa naanza upya.

Nilimwonyesha baba yako picha ya usukani. Akaitazama sana, akaipangusa kwa kiganja, halafu akaniuliza kofia yake ya kazi iko wapi. Unamjua na mambo yake ya kazi.

Mama yako mzazi


19 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, na sweta ninavaa mbili, umeshinda. Goti lako ulipake dawa niliyotuma, usiigawe mtaa mzima.

Nimekwenda tena kule wanakouza magari. Muuzaji alinikalisha mbele ya meza, akanipangia vipande vya ngozi na vibao vya rangi, tukalinganisha. Pakeji ya Kawaida ina viti vya kitambaa, rimu ndogo, na ufunguo wa kuzungusha kama magari ya zamani. Rangi zake ni nyeupe na kijivu tu. Starehe ina viti laini na paa la kioo. Spoti ndiyo yako: uzi mwekundu, kitufe, mlio mzito, na vijiko viwili nyuma ya usukani vya kubadilishia gia. Ukishasaini, kiwanda kinaanza kulitengeneza, huwezi kubadili tena. Nimepewa hadi mwisho wa Aprili.

Mama, nikwambie kitu ambacho hukuwahi kukijua. Unakumbuka, enzi za udereva wake, Jumapili ambazo baba alikuja na gari la bosi kuliosha uani? Akishaliegesha, hakuwa na ruhusa ya kulisogeza hata hatua moja. Basi ukiwa jikoni, alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma, anasimama wima na kofia yake, naingia, anaufunga kwa viganja viwili usitoe sauti. Anazunguka mbele, anakaa kwenye usukani, ananitazama kwenye kioo. "Tunaelekea wapi, Bosi Mdogo?" Nikitaja mahali, anazungusha mkono hewani kama anawasha, anaunguruma kwa mdomo, na tunakwenda. Anakata kona, anasimama kupisha watu. Mwisho anasema, "Tumefika, Bosi Mdogo. Shuka haraka, mama yako asituone." Maana ulikuwa unatukaripia, kwamba nachafua viti vya watu.

Siku moja nilimwahidi: nikikua nitanunua langu, nawe utaliendesha kwelikweli. Alicheka akasema atasubiri. Mama, ndiyo sababu ya gari hili. Nikifika nyumbani, sitazima hata injini. Nitashuka nimpishe kwenye usukani.

Kwa hiyo mpe yeye kitabu achague pakeji. Atakachosema ndicho nitakachosaini.

Binti yako, Gia


2 Aprili

Binti yangu Gia,

Salamu za hapa ni nzuri, za huko natumaini ni nzuri zaidi. Goti linaendelea. Dawa nilimpa kidogo tu mama mwalimu, na fundi, na mkwe wa fundi.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Kumbe mlikuwa mnanifanyia hivyo! Na mimi najiuliza makombo ya biskuti kwenye gari la bosi yanatoka wapi.

Kuhusu pakeji, nimefikiri tena. Hii nyekundu, mwanangu, inaonyesha vumbi. Paa jeusi linakusanya joto. Rimu kubwa zinavutia wezi. Nimeona ile ya Kawaida haina ubaya. Viti vya kitambaa vinafulika. Hebu niulizie kwa muuzaji: huo ufunguo wa kuzungusha, ukiuchomoa ukauweka mbali, gari haliwezi kuwaka hata mtu afanyeje? Na ile ya kitufe, je, mwenye ufunguo akiwa karibu tu, mtu yeyote akibonyeza linawaka? Uliza vizuri, asikuzungushe.

Baba yako hajachagua. Ana shughuli nyingi.

Mama yako mzazi


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika wakati wa mapumziko, nikiwa nimesimama.

Muuzaji anasema ndiyo kwa yote mawili. Bila ufunguo wa kuzungusha, gari haliwaki. Kwa kitufe, ufunguo ukiwa hata kwenye mkoba kiti cha nyuma, anayebonyeza analiwasha.

Sasa na mimi nikuulize. Wewe ndiye uliyenawisha watu mikono kwa ajili ya picha ya gari jekundu. Leo unaogopa vumbi? Na baba mstaafu ana shughuli gani? Zamani chini ya barua zako alikuwa ananiongezea mstari mmoja kwa mkono wake, hata kama ni kuniambia nipime upepo wa matairi ya gari ambalo sina. Barua ngapi sasa hakuna mstari.

Kuna nini, mama? Usiponiambia nitasaini Spoti.

Gia


20 Aprili

Gia mwanangu,

Sikuanza na salamu, unisamehe. Wewe uwe mzima, hilo ndilo ninaloomba kila siku.

Baba yako anasahau. Ilianza na miwani, nikasema ni uzee. Ikaja majina ya watu, nikasema na mimi pia nasahau. Siku moja akaniuliza mimi ni mfanyakazi mpya? Nikacheka ili asione aibu, nikaenda kukaa chooni mpaka uso ukakauka. Wewe nilikuandikia "anakula, analala". Si uongo. Anakula na analala.

Mwezi uliopita, barua yako ikiwa njiani, gari la mikate lilisimama mbele ya duka la hapa mtaani kama kawaida. Muuza mikate akaacha injini inaunguruma, akawa anashusha kreti. Baba yako akatoka na kofia yake, akapanda, akaondoka nalo. Tulikimbia mtaa mzima, mimi na goti hili. Tukamkuta kwenye geti la ofisi yao ya zamani. Siku hizi pale wanauza vigae. Alikuwa amesimama wima nyuma ya gari, amefungua mlango wa mikate, ameushika. Akatuambia, "Bosi anachelewa leo."

Hakugonga hata ndoo, nakwambia. Alipita njia panda mbili na soko zima. Na alikuwa ameliegesha katikati ya mistari, sawasawa, kama amepima kwa kamba. Mwenye mikate mwenyewe alikiri, huku anahema kwa hasira, kwamba yeye hajawahi kuegesha vile. Hata akiumwa, baba yako anaegesha kuliko wazima. Lakini daktari ametukanya: safari nyingine atakuwepo mtoto barabarani. Asiguse tena gari linalowaka.

Sasa unaelewa kwa nini siitaki Spoti. Uje na lile la kitufe, ufunguo uwe mkobani mwako, yeye aingie abonyeze! Naogopa, Gia. Lete la ufunguo unaochomoka, unipe mimi.

Mtaa wanajua ya mikate, siwezi kuficha. Ila nimewaambia alikuwa anafanya mzaha na muuza mikate. Hawajaniamini, lakini wananiheshimu. Kwa hiyo ukijibu, weka karatasi mbili kwenye bahasha. Moja ya kusoma kibarazani, moja yangu.

Nisamehe kwa lile la usukani. Najua ulimwahidi.

Mama


3 Mei

(ya kibarazani)

Mama mpendwa na majirani wote wanaosikiliza,

Shikamooni. Gari nimeagiza! Nimechukua la kijivu, kwa sababu huku wakubwa wote wanapanda la kijivu, jekundu wamewaachia vijana. Rimu za wastani ndizo zinazodumu. Na lina ufunguo wa kuzungusha, wa chuma, mzito mkononi, siyo kitufe kama cha redio. Kiwanda kitalimaliza kabla mwaka haujaisha, nami nitaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Fundi, naomba unawe mikono.

Gia


(yako)

Mama yangu,

Nimesoma barua yako kwenye chumba cha baridi, kwa sababu mule hakuna anayeshangaa ukitokwa machozi.

Muuzaji aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Alisema hajaona mtu anayeanzia Spoti akashukia Kawaida. Akadhani nimefukuzwa kazi. Nikasaini.

Sina cha kukusamehe. Ulikimbia na goti lile. Ila nilikuwa nimejipangia siku hiyo tangu nikiwa mdogo, namna nitakavyoshuka nimpishe. Sasa nitamwambia nini akiliona gari, akasimama kwenye mlango wa dereva, akaninyooshea mkono nimpe ufunguo? Nimwambie hapana? Mimi?

Mwambie namsalimu. Kama anajua ni nani anayemsalimu.

Gia


11 Novemba

Gia wangu,

Natumaini ulifika salama na gari halikukusumbua njiani. Mimi mzima. Goti limenyamaza tangu ulipokuja, nadhani lilikuwa linakungoja. Baba yako anakula, analala, na safari hii sina kinachobaki nyuma ya maneno hayo.

Ulipoondoka tulikuwa na watu wengi, sikupata nafasi ya kukwambia, kwa hiyo naandika.

Ile siku ya pili, majirani walipokwisha kuuliza mbona halingurumi, nami nikawajibu kwamba gari la mtu mwenye adabu halipigi kelele, wakaenda zao. Ulikuwa umenipa ufunguo, nikautia kwenye mfuko wa aproni, nikaingia jikoni. Ukabaki uani unapangusa vioo. Hukujua kama nilikuwa dirishani.

Baba yako akatoka na kofia. Akalizunguka gari, akaligonga kila tairi kwa kiatu. Nikamwona anakwenda kwenye mlango wa dereva, nikashika mfuko wangu kwa mkono wote. Nikasema sasa ataudai, na mwanangu atakosa pa kuweka uso.

Akaupita ule mlango. Akafungua wa nyuma, akasimama wima, akakutazama. Nawe ukaweka kitambaa chini, ukaingia. Mwanamke mzima, msimamizi wa watu! Akaufunga kwa viganja viwili. Sikusikia kitu. Akazunguka, akakaa mbele, akarekebisha kioo. Mkono ukaenda penye ufunguo, ukapapasa, hakuna. Nikafunga macho.

Nilipofumbua, alikuwa anazungusha mkono hewani. Halafu akaunguruma, kwa mdomo, mzee mzima, ule mlio mzito wa Spoti uliouacha kule kwa muuzaji. Sikuwahi kuusikia, kumbe mlikuwa nao miaka yote hiyo nyuma ya mgongo wangu. Ulimtajia wapi sijui, maana vioo vilikuwa vimefungwa upande wako. Aliendesha mpaka chai yangu ikachemka ikamwagika. Akakata kona. Akasimama, akampungia mtu apite. Hapakuwa na mtu, lakini alimsubiri avuke mpaka upande wa pili.

Kioo cha upande wake kilikuwa kimeshushwa, kwa hiyo hili nililisikia kwa masikio yangu. Alizima kwa mkono ule ule, akakutazama kwenye kioo, akasema, "Tumefika, Bosi Mdogo. Shuka haraka, mama yako asituone."

Asubuhi ile ile alikuwa amekuuliza wewe ni nani, na umetoka wapi.

Barua yako ya Machi ninayo, niliitoa nikaisoma tena jioni. Safari nyingine usiniandikie karatasi mbili. Moja inatosha, nitaisoma yote kibarazani, pamoja na yanayoniuma. Nimeshawaambia kuhusu baba yako, na fundi ameahidi kumtazama nikienda sokoni.

Na majigambo siachi. Nimewaambia hakuna gari mtaani hapa lililoendeshwa vizuri kama lile, na halikutoka uani. Fundi akaniuliza, wewe uliona? Nikamwambia sikuona kitu. Ni kweli, mwanangu, kwa sehemu iliyobaki. Aliposema vile, na mlango wako ukaanza kufunguka, nilirudi nyuma ya ukuta wa jikoni, nikasimama pale na sufuria mkononi, mpaka mkashuka wote wawili.

Mama yako