Fimbo Tatu Ulizoziacha Kambini

Baba yangu,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa huwezi kunijibu, leo nitasema yote. Itakuwa mara ya kwanza maishani mwetu mimi kumaliza sentensi bila kukatizwa.

Nazungumzia zile fimbo. Fimbo tatu za mkole ulizozikata mwenyewe bondeni Buger, ukazifunga pamoja karibu na ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, zikawa zinafunguka kama miguu ya kigoda ili mgeni aliyelipia kuwinda aegemeze bunduki yake na kulenga. Pale bunduki inapokaa ulizungushia kitambaa, chuma kisigonge mti nyati akasikia. Kitambaa chenyewe kilikuwa mkono wa sweta langu la shule! Baridi ya Julai, ukungu umefunika Karatu yote, mimi niko mstarini na sweta la mkono mmoja. Mwalimu ananiuliza mkono mwingine uko wapi, namjibu uko porini na wawindaji. Nilichapwa kwa utovu wa adabu. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Miaka yote uliyotangulia mbele ya wageni ukisoma nyayo, hukuchoka kunihubiria habari za egemeo la bunduki. Mguu mmoja ni mwepesi lakini unazunguka. Miwili inayumba mbele na nyuma. Minne ni imara, ila mpaka uifungue nyati ameshakwenda zake. Mitatu, basi. "We kijana, sikiliza," ulisema huku ukinigonga goti kwa fimbo hiyo hiyo. "Mgeni akimjeruhi nyati, yeye atarudi garini kunywa maji. Sisi ndio tutakaoingia kichakani kumtafuta."

Ulijua, Baba. Hicho ndicho kinachonichoma.

Halafu akaja yule mgeni na mkoba wake mweusi, akatoa egemeo la dukani, miguu miwili, jepesi kama bua la mtama. Ukaligeuzageuza mkononi, ukasema, "Zuri sana, bwana." Zako ukaziacha zimelala kando ya hema.

Zuri sana! Wewe uliyebishana na katekista kuhusu namba ya wimbo mbele ya waumini wote! Wewe uliyerudisha chai mara mbili kwenye mgahawa wa pale mjini kwa sababu maziwa yalikuwa machache! Shemeji zako wakikuona unakuja walibadilisha njia. Lakini mbele ya mgeni ulikuwa mpole kama maji ya mtungini. Nilipokuuliza pembeni ulininong'oneza kwa ukali, "Mgeni hakosolewi. Amekuja na kitu chake, kitumike."

Siku ile nilikuwa nyuma yako, nimebeba maji. Tulikuwa kwenye mteremko. Niliona miguu ile miwili inatetemeka, na najua na wewe uliona, maana uliitazama pale inapogusa ardhi, kisha ukanitazama mimi. Nikasubiri useme. Ukaziba masikio tu, kama kawaida yako kabla ya mlio. Risasi ikampata nyati tumboni, akaingia kichakani. Mgeni akarudishwa garini. Wewe na mwindaji bingwa wa kampuni, aliyemsimamia mgeni, mkaingia, wewe mbele. Nyati alitokea ubavuni. Ulitutoka kabla gari halijafika barabarani.

Mama alizichukua fimbo zako akaegemezea banda la kuku lililoinama. Kila nilipofika nyumbani nilizikuta pale, nikakasirika upya, nikanywa chai nimenuna.

Sasa mimi ndiye ninayetangulia. Msimu huu nilizing'oa pale bandani nikaweka nguzo mahali pake. Mama hakunisemesha siku mbili, kisha akazishonea kitambaa kipya.

Wiki iliyopita tukampokea mgeni, mzee mmoja mtaratibu. Akafungua mkoba wake mchana mbele ya hema na kutoa egemeo la miguu miwili, ndugu wa lile lile. Akanitazama akingoja nilisifie. Bosi akakohoa, kile kikohozi cha kuniambia ninyamaze. Nikasikia maneno yako yananipanda kooni: zuri sana, bwana.

"Hapana, bwana," nikasema. "Hili linayumba. Tutatumia hizi."

Nikajiandaa kufukuzwa kazi. Yule mzee akazipokea fimbo zako, akazisimamisha, akazikandamiza kwa kiganja. Akasema, "Sawa." Akarudisha lake mkobani, akauliza kama chakula kiko tayari.

Sawa tu, Baba. Hakununa, hakuuliza mara ya pili. Siku ya tatu nyati wake alianguka pale pale aliposimama, na hakuna mtu aliyeingia kichakani.

Ndiyo maana nina hasira kuliko mwanzo. Neno lilikuwa moja, na uliyemwogopa angelipokea. Ungelisema, sasa hivi ungekuwa hapa unanikatiza.

Pumzika, mbishi wangu. Kesho tunatoka tena, na zako tatu ziko begani kwangu.

Kifungua mimba wako,
wa sweta la mkono mmoja