Pete ya Kucha Tano

Duka la Dhahabu la Marehemu Warfa,
Garissa.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Iftin,

Assalamu alaikum warahmatullah. U hali gani huko Minneapolis, na kifua chako je, baridi imekiachia? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Macho ya mama yetu, Hooyo, ndiyo yamepofuka kabisa, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Joto ni lile lile. Wateja hakuna, ngamia wakikonda, nani ataoa? Kuna siku nafunga duka sijazungumza na mtu.

Alhamisi iliyopita aliingia bibi arusi wa Wajir, Ilhan, pete yake ya almasi inambana, akataka niitanue. Nilipoitazama kwa lenzi nilizihesabu upya kucha zake za dhahabu. Mafundi wengi hushika jiwe kwa kucha nne. Hii ilikuwa na tano, na ya tano imelazwa juu ya jiwe, upande wa kushoto. Ndivyo alivyofanya Aabo, baba yetu, tangu almasi ya bibi arusi mmoja wa Hulugho ilipodondoka ikapotea mchangani. Kazi hiyo alimfundisha kaka yetu Korane peke yake. Mimi niliiona kwa kuchungulia.

Nikamwambia Ilhan hii lazima ni ya zamani. Akanicheka.

"Zamani wapi, abaayo, dada yangu? Bwana wangu aliitengenezesha Kampala mwaka jana, na mimi nikiwa hapo. Fundi mwenyewe Msomali, hata chai alitupa."

Iftin, miaka kumi na moja tumemhesabu Korane miongoni mwa waliozama baharini wakienda Ulaya. Tulimswalia swala ya ghaibu, tukachinja, tukala nyama ya sadaka yake. Kumbe yuko Kampala, safari ya mabasi mawili, anakunja kucha za pete! Nilishukuru, wallahi nilishukuru. Kisha nikakasirika mpaka nikalia.

Nilitaka kumficha Hooyo kwanza. Alishamzika mwanawe moyoni, nimfukulie kwa ajili ya kucha moja? Lakini jioni alinisikia nikiipangusa pete, akanyoosha mkono. Akapitisha kidole gumba juu ya jiwe, mara mbili. Hakuuliza pete ni ya nani.

"Korane amekula?" ndilo alilouliza.

Nikamwambia amekula. Namba ya yule fundi ninayo, Ilhan aliniachia, na kesho nitampigia kwa ajili ya Hooyo. Kwa ajili yangu nisingempigia. Mimi ndiye ninayemwogesha Hooyo, ninayemkatia nyama vipande vidogo, na miaka yote hii hajaniuliza swali lile.

Nisalimie shemeji Abdisalam na Fowsiya mdogo, somo wangu, umbusu kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko.

Ukipokea barua hii nipigie simu. Usianze na habari za Korane, Iftin. Niulize kwanza mimi kama nimekula.

Dada yako akupendaye, aliyebaki nyumbani,
Fowsiya