Sabuni ya Nyongeza

Mkonze, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi, baba watoto na wajukuu zako tu wazima, isipokuwa mafua ya vumbi. Mguu wako unaendeleaje? Baba bado anakohoa asubuhi? Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yenu husikilizwa na nyumba nzima. Anayekuletea ni mdogo wangu Zuhura mwenyewe, na bahasha nimeishona kwa cherehani. Ukikuta uzi umekatwa, utajua nani kaukata.

Mama, bibi harusi wako nusura alale mahabusu.

Ulimtuma aje mjini achague vitu vya harusi yake. Sawa. Mimi nilipoolewa nilipewa kanga na sufuria iliyozibwa tundu, lakini hayo tuyaache. Tulikwenda duka kubwa la upande wa Chimwaga, lile la kujichukulia mwenyewe na kulipa mlangoni. Zuhura akachukua sabuni za kunukia, akalipa. Kisha akanyoosha mkono kwenye lundo la sabuni lililokuwa kando ya keshia, akaokota moja zaidi, akasema kwa sauti huku anacheka, "Na hii nyongeza yangu, kaka." Akaitia kapuni. Hatukufika hata nje. Mlinzi alimshika, meneja akaitwa, na muda si mrefu tukawa kituo cha polisi.

Hata huko alipewa kiti, Mama. Mimi nilisimama.

Afande, mwanamke wa makamo, akamuuliza, "Umechukua, hukuchukua?"

"Nimechukua."

"Umeilipia?"

"Nyongeza hailipiwi, afande."

Afande akaweka kalamu chini, akanigeukia. "Dada, mweleweshe mwenzio. Wizi ni wizi, hata wa sabuni. Meneja akishikilia, jambo hili linakwenda mahakamani. Akikutwa na hatia ni faini au kifungo, na jina lake ndiyo limeshachafuka." Hapo Zuhura akaanza kulia. Wakwe zake wa Chemba wangesikia, harusi ingekuwa imekwisha.

Meneja akasema hajawahi kusikia nyongeza ya mtu kujichukulia. Afande akaniuliza mimi: kwenu mambo haya yapo kweli, au binti anatunga? Kama hakuwa na nia ya kuiba, alisema, hilo ni jambo jingine. Nakwambia ukweli, Mama, sikujibu upesi. Nilimtazama anavyolia vizuri, kila mtu anamhurumia, nikasema moyoni, mwache naye aonje.

Kisha yakanitoka. "Yapo, afande! Kila gulio kule Kondoa mama akinunua nyanya, anamwambia huyu atie mkono achague nyongeza. Huyu! Mimi nimebeba kapu kichwani. Karanga, yeye. Ndizi, yeye. Nikitia mkono mimi, naambiwa nina tamaa. Mpaka leo sijawahi kuchagua nyongeza hata moja!" Nilikuwa napiga kelele na machozi yananitoka, mtu mzima mimi, mwenye mume na watoto.

"Huyu dada haigizi," meneja akasema mwishowe. Zuhura akalipia ile sabuni, akaonywa, akaambiwa asikanyage tena dukani kwake, na shauri likaishia hapo. Wivu wangu ndio uliomtoa.

Njiani alinishika mkono akasema, "Dada, sikujua." Namwamini. Alikuwa mtoto, na hakujipendelea mwenyewe. Aliyempendelea ni wewe.

Nisalimie Baba, na bibi mzaa baba, na mjomba Hamisi mchunga ng'ombe, na shangazi Mwajuma wa mashine ya kusaga. Harusini nitakuja, na gauni la bibi harusi nitalishona mimi, tena zuri. Ila unijibu, Mama. Niandikie barua moja tu isiyo na jina la Zuhura ndani yake.

Mwanao wa kwanza,
Mwanaidi