Fidla Unayoipiga Gerejini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekuachia kidogo, na mama hajambo na ameacha kubeba zile ndoo ambazo kila mtu amemkataza. Mimi huku ni mzima wa mwili. Hasira ninazo, tena tele, lakini unajua mwenyewe nimezirithi kwa nani.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa kitandani na viatu miguuni. Kumbe unaweza kuandika "binti yangu"! Tangu nilipoiacha gereji nikaja huku kushika fidla, hukuwahi kunitamkia neno. Salamu zako zilikuwa zinapitia kwa mama, na mama alikuwa anazitunga mwenyewe, nilimjua. Leo unaniambia kuwa msaidizi wako amekupakulia tamasha la okestra yetu kwenye simu, mmeliunganisha na lile spika kubwa, na kila asubuhi unalipiga kabla hujafungua boneti ya mtu. Unasema ikifika pale fidla inapobaki peke yake, unaamuru spana zote ziwekwe chini, na mteja aliyethubutu kuuliza gari lake litakuwa tayari lini ulimtimua. Nilicheka mpaka machozi. Halafu ukaandika kuwa pale ndipo ulipoelewa kwamba sikukukimbia, nilikuwa nafuata kazi yangu. Baba, maneno hayo nimeyasubiri kwa muda mrefu. Ndiyo maana barua hii imenipa shida. Nimeichana mara kadhaa.

Kwanza nikueleze hawa ninaofanya nao kazi ni watu wa aina gani, na uniwie radhi kwa ulimi wangu.

Mwongozaji wetu, huyo anayesimama mbele na kifimbo, tumempa jina la Feni. Anazungusha mikono mchana kutwa na joto liko palepale. Anavaa skafu hata jua likiwa la kutoboa utosi, eti koo lake ni la kisanaa. Koo la kisanaa, na haimbi! Meneja ndiye hovyo kabisa. Hajui fidla ina nyuzi ngapi, lakini anajua mbwa wa mfadhili anaitwaje na anapenda nyama gani. Mfadhili mwenyewe ni tajiri mmoja wa saruji. Anakaa kiti cha mbele, anakoroma, anaamka watu wakipiga makofi, kisha anasema muziki umemgusa.

Siku ya tamasha lile nilipewa mimi kile kipande cha fidla pekee. Nikainuka, okestra nzima ikanyamaza, nikaanza. Sijajisifu tangu nizaliwe, leo niache nijisifu. Sijawahi kupiga vile, na sijui kama nitapiga vile tena. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Basi nilipofika katikati, simu ya mfadhili ikalia. Ikalia weee, mlio wa kuamsha mtaa. Nikajua ataizima. Thubutu! Akaipokea. Akamweleza aliyepiga kwamba yuko kwenye mambo ya muziki, muhimu sana, halafu akauliza kama lori limefika na nani anapakua mifuko, na akaonya isilowe. Ukumbi mzima unamsikia yeye, na mimi napiga. Sikuacha hata noti moja.

Tulipomaliza, meneja alitoka mbio kumwendea. Nilidhani atamkanya, angalau kwa upole. Wapi! Alikwenda kumwomba radhi kama kelele zetu zilimsumbua alipokuwa anaongea.

Baadaye tamasha likawekwa mtandaoni watu walipakue, na sisi tukaitwa ofisini kwa meneja kulisikiliza kwa mara ya kwanza. Ungemwona Feni! Ilipofika ile fidla akafumba macho, akainua kidole tutulie. Akatueleza kwamba hapo ndipo aliponishikia breki kwa jicho tu, na kwamba pale pumzi inapokatika ni yeye aliyenifundisha nivute. Chozi likamtoka, wallahi, akalifuta na skafu. Wenzangu wakatikisa vichwa. Meneja naye akatikisa, ingawa alikuwa anaangalia simu yake.

Mimi nilikuwa nimekaa kama nimemwagiwa maji. Simu ya mfadhili haikusikika popote, na fidla ile nilikuwa sijapata kuisikia maishani mwangu.

Si mimi, baba. Huyo unayewaamuru watu waweke spana chini wamsikilize si mimi.

Fundi mitambo wetu, anayeturekodi sauti, alinieleza ukumbini, anatafuna bigijii, hana habari. Meneja alimwambia simu ya mfadhili isisikike, mzee asije akaaibika. Fundi akajaribu kuitoa simu akashindwa kuitenganisha na fidla, basi akatoa vyote viwili. Akapakua tamasha la okestra nyingine, ya mbali huko, waliopiga muziki huohuo, akakata kipande chao akakibandika pangu. Alitaka hata nimsifu kwa jinsi kiungo kisivyoonekana. Na yule Feni analia kwa kitu alichokiongoza mtu mwingine, hajitambui! Miaka yote ananipungia kifimbo usoni, na sauti yangu haijui.

Nilimfuata meneja. Akanishangaa nalalamikia nini. Akasema hakuna aliyegundua, watu wanalipakua vizuri, na huyo aliyewekwa amenipendezesha, ningepaswa kumshukuru. Kisha akaongeza kwamba hata wazazi wangu watajivunia. Hapo ndipo aliponimaliza. Nilimwambia maneno ambayo mama asingependa kuyasikia, na tangu siku hiyo akiniona kwenye ngazi anageuza njia.

Ningeweza kunyamaza. Nakuambia ukweli, nilitaka sana kunyamaza. Usingejua kamwe, ungeendelea kuniita binti yako kila asubuhi mbele ya wateja, nami ningekula raha. Nani angenilaumu? Lakini nakukumbuka ulivyomrudishia yule muuza spea boksi lake la breki feki, ukamrushia barabarani, na mimi nimekushikia tochi. Aliapa kuwa zinafanana na halisi. Ukamwambia ndiyo maana hasa unazirusha. Nimeshindwa kukaa gerejini mwako nikiwa kama breki zile.

Nilimkaba fundi mitambo mpaka akanipa rekodi ya mwanzo, kabla haijaguswa. Imo kwenye flashi, ndani ya bahasha hii. Mpe msaidizi wako aipige kwenye lile spika. Haitakupendeza. Utasikia simu inalia, utasikia lori, utasikia mifuko ya saruji isilowe. Usiizime baba, na usimtukane yule mzee mpaka amalize, maana utanifunika na wewe. Huyo anayepiga chini ya maneno yake ndiye mimi.

Ukimsikiliza huyo ukaona hakutosha, kwamba kwa hicho tu sikupaswa kukuachia gereji peke yako, basi ninyamazie tena kama mwanzo. Itaniuma, sitakuficha. Lakini afadhali uninunie mimi kuliko kumpenda mtu wa okestra ya mbali ukidhani ni mimi.

Unisalimie mama, mwambie koti alilonishonea linanitosha na nalivaa. Msalimie na msaidizi wako, asikusomee barua hii kwa sauti mbele ya wateja. Mungu awalinde wote hapo nyumbani, na mgongo wako aukumbuke kwa namna ya pekee.

Ni mimi mwanao,
wa chini ya simu.