Mkungu wa Mama Eunike

Meru, Oktoba

Mdogo wangu Ezra,

Pokea salamu za nyumbani. Nimemwonyesha Baba picha za sikukuu yenu ya mavuno huko Ujerumani, maboga na mikate imejaa madhabahuni. Kauliza, "Sasa mnada wanafanya saa ngapi?"

Sisi tulifanya wetu Jumapili, baada ya ibada. Mvua ilikuwa ya shida mwaka huu, lakini watu walileta mahindi, kuku, hata maziwa ya mgando ya kuchanganyia loshoro ya mahindi. Mimi nilibeba mkungu kutoka kwenye ule mgomba alioupanda Mama nyuma ya jiko.

Baba akaushindania mpaka wenzake wakamwachia. Dalali akamuuliza, kama kawaida, anamzawadia nani.

"Mama Eunike," akasema.

Mama tumemzika Machi, na Baba mwenyewe ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Sasa amegeukia upande wa akina mama, anangoja, anatabasamu. Dalali akainamisha kichwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikainuka na kitenge cha Mama kiunoni, nikaupokea ule mkungu.

"Asante, Baba Eunike," nikamwambia.

Jioni nilipika machalari ya ndizi zile na nyama. Alikula vizuri, tena akanisifu kwa jina la Mama. Tangu siku hiyo hajaniita lingine.

Kwa hiyo ukipiga simu, akikwambia Mama yuko jikoni, usimsahihishe. Mwombe anipe simu. Niamkie, "Shikamoo, Mama."

Nitaitikia.

Dada yako,
Eunike