Kamati Iliyoshuka Garini

Jumatano, Rangwe

Sijui ingekuwaje kama Mama Akinyi asingeshuka. Kamati inayoshauri kuhusu barabara mpya ya soko, ambayo mimi ni karani wake, ilikagua mtaro uliochimbwa na mkandarasi ikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Yeye ni mjumbe na pia muuza omena, dagaa wa ziwani, na mtaro huo umekata njia ya kufika vibandani. Alimsimamisha dereva, akajitwika beseni alilokuja nalo, akajaribu kuvuka. Akakwama katikati.

"Mama, utaanguka!" mwenyekiti akaita.

"Basi njoo unishike. Na wateja wangu utawashika wote?"

Mwenyekiti akashuka, matope yakamfika kwenye soksi. Fomu ya kuidhinisha kazi hakuitia sahihi. Mkandarasi ajenge kivuko kwanza.

Jioni nimesoma kanuni za kamati, nikitafuta zinapowataka wajumbe watembee. Zinataja gari tu.